Linux ya kujipangia mwenyewe: Fundi akiondoka, nani anabaki na funguo?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, miaka 10 baada ya kuuingiza sokoni. Kompyuta zinazotumia mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zimeendelea kufanya kazi kama zilivyokuwa, isipokuwa kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena hadi mwenye kompyuta ajiunge na mpango wa muda wa nyongeza.

Kwa makampuni na taasisi, nyongeza hiyo inalipiwa. Bei iliyotangazwa na Microsoft ni dola 61 za Marekani kwa kompyuta moja katika mwaka wa kwanza, nayo inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Ofisi yenye kompyuta 10 itakayolipia miaka yote mitatu itatumia dola 4,270, na mwisho wake itabaki na kompyuta zilezile kuukuu.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee katika maeneo kama Kizota, kata ya Jiji la Dodoma inayofahamika kwa maghala ya nafaka, yakiwamo ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na kwa biashara ya mazao ya Kanda ya Kati. Mfanyabiashara mdogo wa eneo kama hilo hanunui kompyuta mpya kila mwaka. Hununua iliyokwisha kutumika na kuitumia hadi ichoke. Nyingi kati ya zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikidhi masharti ya Windows 11, ambayo inadai aina maalumu za vichakato pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Ndipo linapojitokeza jina la Linux, mfumo usiolipiwa leseni, unaoweza kuifufua kompyuta ya zamani na usiohitaji idhini ya mtu kuubadilisha. Hata hivyo, Linux si kitu kimoja. Kuna Linux iliyokwisha kupangwa, na kuna Linux ambayo fundi huipanga mwenyewe tangu msingi hadi paa. Vijana wengi waliobobea katika kompyuta huvutiwa na hii ya pili. Swali ambalo mwenye biashara anapaswa kujiuliza ni kama mvuto wa fundi na maslahi ya biashara ni kitu kimoja.

Linux moja, sura nyingi

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotangaza kiini cha mfumo endeshi alichokiandika mwenyewe. Kiini peke yake hakimfai karani wala mhasibu. Kinahitaji kuunganishwa na programu nyingine nyingi ili kompyuta iweze kuandika barua, kuchapa risiti na kufungua intaneti. Muunganiko huo ukiandaliwa na kikundi au kampuni na kugawiwa kwa jina lake, ndio unaoitwa toleo la Linux.

Matoleo ni mamia. Katika kundi la yale yaliyokwisha kupangwa wamo Debian, iliyoanza mwaka 1993. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na Red Hat Enterprise Linux, ambayo kampuni inayoitengeneza ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Matoleo haya hutoka kwa vipindi vinavyojulikana. Likishatoka, programu zake hubaki zilivyo kwa miaka kadhaa, na kinachoingizwa ni viraka vya usalama tu.

Kundi la pili ni la matoleo ya kujipangia. Gentoo, iliyofikia toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2002, ilijengwa juu ya wazo kwamba mtumiaji apewe msimbo chanzo wa kila programu, naye aijenge ndani ya kompyuta yake kwa kuchagua kipi kiwemo na kipi kiachwe. Arch Linux, iliyoanza mwaka huohuo wa 2002, humpa mtumiaji msingi mtupu usio na hata dirisha la kubofya. Kila kinachofuata ni juu yake. Aidha, Arch haina vipindi: programu mpya huingia mfululizo, siku baada ya siku.

Matoleo ya kundi hili si mabaya. Yametengenezwa kwa ustadi mkubwa, na maandishi ya mafunzo ya Arch husomwa hata na watumiaji wa matoleo mengine. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuyaweka.

Hoja za wanaoyatetea

Watetezi wa Linux ya kujipangia wana hoja tatu zisizopaswa kupuuzwa. Kwanza, kompyuta isiyobeba kisichohitajika huwa nyepesi. Mashine yenye kumbukumbu ndogo, ambayo chini ya Windows ingechukua dakika kadhaa kuwaka, inaweza kutumika tena kwa miaka mingine kama fundi ataweka vile tu vinavyohitajika kwenye kazi husika.

Pili, kila programu inayoondolewa ni mlango mmoja uliofungwa. Seva isiyo na huduma za ziada inampa mvamizi nafasi chache za kujaribu. Tatu, fundi anayejenga mfumo kwa mkono wake hujifunza mambo ambayo mwenzake wa kubofya hayapati, na maarifa hayo ni mtaji kwa nchi inayotaka wataalamu wake wa Teknohama wasiishie kuwa wauzaji wa bidhaa za wengine.

Wakikosa hoja nyingine, watetezi hao hutaja mifano mikubwa, na mifano hiyo ni ya kweli. ChromeOS, mfumo wa kompyuta za Chromebook za Google, umejengwa kwa zana za Gentoo. Kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve iliichagua Arch kuwa msingi wa SteamOS inayoendesha kifaa chake cha Steam Deck, kilichoanza kuuzwa mwaka 2022.

Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi mwenye Chromebook hachagui chochote katika Gentoo, wala mwenye Steam Deck hahuishi programu za Arch moja moja. Google na Valve huchukua matoleo hayo kama malighafi. Wahandisi wao huyachambua, huyapima na kuyagandisha, kisha huwapelekea wateja kitu kimoja kilichokamilika na kinachofanana kwa wote. Kwa maneno mengine, kampuni hizo zimefanya kazi ya kuibadili Linux ya kujipangia iwe Linux iliyopangwa, na zinalipa mishahara ya watu wa kuifanya kazi hiyo kila siku. Biashara isiyo na watu hao inaiga matokeo bila kuwa na kilichoyazaa.

Siku fundi asipokuwapo

Tuchukue mfano wa kubuni wa kinu cha alizeti chenye kompyuta sita. Kijana aliyehitimu chuo anaajiriwa kuziangalia. Anaziwekea Gentoo, kila moja kwa kipimo chake: ya mapokezi yenye mashine ya kuchapa, ya mhasibu, na moja anayoigeuza kuwa seva ya kumbukumbu za uzito wa mizigo na malipo ya wakulima. Zote zinakwenda kwa kasi ambayo mwenye kinu hajapata kuiona. Gharama ya leseni ni sifuri. Kila mtu anamsifu kijana.

Mwaka wa pili kijana anapata kazi nzuri zaidi Dar es Salaam. Hakuna ubaya katika hilo. Ndivyo soko la ajira lilivyo. Msimu wa mavuno unafika, magari ya magunia yamepanga foleni kwenye mzani, na seva inakataa kuwaka. Fundi wa jirani anaitwa. Anaifahamu Windows, na pengine Ubuntu. Mbele yake anakuta mfumo ambao hakuna mwingine wa namna hiyo duniani, kwa sababu maamuzi mamia yaliyoujenga yalibaki kichwani mwa mtu mmoja aliyekwisha kuondoka.

Hasara hapo haipimwi kwa bei ya kompyuta. Kuna mkulima aliyeleta magunia wiki iliyopita na kumbukumbu yake ya uzito imo ndani ya diski hiyo. Kuna vibarua wanaosubiri malipo. Wote hao hawajui Gentoo ni nini, lakini ndio wanaolipia uchaguzi wake.

Mfano huo unagusa jambo ambalo mjadala wa mafundi huliruka. Kwa kuwa Ubuntu ya kompyuta moja inafanana na Ubuntu ya kompyuta nyingine, ujuzi wa kuitunza unanunulika: fundi wa pili anaweza kuchukua pale alipoachia wa kwanza. Linux ya kujipangia huvunja ufanano huo, na kuvunja ufanano ndiko kujipangia kwenyewe. Kadiri fundi anavyoipatanisha na matakwa yake, ndivyo idadi ya watu wanaoweza kuitunza inavyopungua kuelekea mtu mmoja.

Dodoma ina vyuo vinavyofundisha Teknohama, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Lakini tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia makao yake hapa, wizara na taasisi za umma nazo zinawahitaji wahitimu haohao. Mwenye kinu au ghala anashindana na waajiri wenye mishahara ya uhakika na pensheni. Kwa mantiki hiyo, apange mambo yake akijua kwamba fundi ataondoka.

Masasisho, intaneti na umeme

Jambo la pili ni namna mfumo unavyohuishwa. Arch hairuhusu mtumiaji ahuishe programu moja na kuziacha nyingine za zamani. Waandaaji wake wanasema wazi kuwa njia hiyo haiungwi mkono. Ama unahuisha vyote ama unaacha. Gentoo nayo, hadi ilipoanza kutoa programu nyingi zilizokwisha kujengwa mwishoni mwa mwaka 2023, ilimtaka mtumiaji aijenge karibu kila programu upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi kwenye kompyuta ya zamani.

Saa nyingi za kazi ya kompyuta maana yake ni saa nyingi za umeme usiokatika. Ofisi ambayo kifaa chake cha akiba ya umeme kinamudu dakika 15 haina usalama wowote kama umeme utakatika katikati ya kuhuisha sehemu za msingi za mfumo. Kompyuta inaweza kugoma kuwaka, na aliyeizoea aanze kuihangaikia usiku kucha.

Intaneti nayo haina mkataba na mtu. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ilivuruga mawasiliano ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mfumo unaodai kupakua mamia ya megabaiti mara kwa mara ili ubaki salama unaathirika zaidi na hali kama hiyo kuliko ule unaopokea viraka vichache vidogo.

Hata umeme na intaneti vikiwapo, kipya si lazima kiwe salama. Agosti 2022, masasisho ya programu ya kuwashia kompyuta iitwayo GRUB yaliwafanya baadhi ya watumiaji wa Arch na matoleo yaliyotokana nayo washindwe kuwasha mashine zao. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta ya kujifunzia, hilo ni somo la jioni moja. Kwa ofisi inayowasilisha zabuni siku ya mwisho, ni zabuni iliyopotea.

Onyo kubwa zaidi lilitoka Machi 29, 2024. Siku hiyo mhandisi Andres Freund alitangaza kuwa amegundua mlango wa siri uliofichwa ndani ya programu ndogo ya kufinyaza mafaili iitwayo xz, ambayo hutumika karibu kila mahali penye Linux. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyepandikiza mlango huo alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili.

La kuzingatia ni nani alikwisha kuipokea programu hiyo yenye sumu. Ilikuwa imeingia katika matoleo yanayohuishwa mfululizo, kama Arch na openSUSE Tumbleweed, na katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Ikumbukwe kuwa kwa Arch mlango huo haukuonekana kuweza kufunguka, kutokana na namna huduma yake ya kuingilia seva ilivyojengwa. Lakini Debian ya kawaida, Ubuntu ya muda mrefu na Red Hat Enterprise Linux hazikuwa zimeipokea kabisa. Uzito wao wa kupokea vipya, ambao mafundi huucheka, ndio uliowaokoa watumiaji wao.

Zaidi ya hayo, Arch ina hazina ya programu zinazoandaliwa na watumiaji wenyewe, ambayo waandaaji rasmi huonya kuwa kila atumiaye akague kwanza anachokichukua. Julai 2025 vifurushi vilivyobeba programu ya kudhibiti kompyuta kwa mbali viligunduliwa katika hazina hiyo na kuondolewa. Ni nani katika ofisi ya karani mmoja na mhasibu mmoja atakayefanya ukaguzi huo?

Mafunzo ya Munich na Ufaransa

Ulaya imetoa mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, na likatengeneza toleo lake la Linux lililoitwa LiMux. Hadi mradi ulipotangazwa kukamilika mwaka 2013, kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la jiji hilo likapiga kura kurudi Windows.

Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwamo, na ripoti ya washauri ya mwaka 2016 ilieleza kuwa matatizo mengi yalitokana na mpangilio wa idara za teknolojia kuliko mfumo wenyewe. Hata hivyo, jiji lenye toleo lake peke yake lilikuwa limejitwisha kazi ya kulitunza peke yake, huku watumishi wakilalamikia mafaili yanayovurugika yanapobadilishana na ofisi zenye Windows.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilikwenda taratibu. Mwaka 2005 liliwahamishia askari wake kwenye programu za ofisi za OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka 2006 likaingiza kivinjari cha Firefox na programu ya barua ya Thunderbird. Ni hapo tu, kuanzia mwaka 2008, lilipoanza kubadili mfumo endeshi wenyewe, tena kwa kutumia Ubuntu iliyorekebishwa kidogo. Askari walikuta programu walizokwisha kuzizoea. Makumi ya maelfu ya kompyuta zao zimehamishwa kwa njia hiyo.

Hapa nyumbani lipo somo linalokaribiana na hayo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, chini ya mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia, na istilahi nyingi za kompyuta zilipata Kiswahili kupitia kazi hiyo. Leo ni nadra kulisikia jina hilo maofisini. Programu ya kujitengenezea inadai mtunzaji mwaka hadi mwaka, hata pale wazo lake linapokuwa jema.

Mfano uliodumu ni wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Wizara ya Afya ya Tanzania huutumia kukusanya taarifa za vituo vya tiba nchini. Mfumo huo ni huria na kila nchi huurekebisha kwa mahitaji yake. Lakini mwongozo wake wa kuusimika umeandikwa kwa ajili ya Ubuntu ya muda mrefu. Marekebisho yanafanyika juu, kwenye fomu na taarifa. Msingi unaachwa uwe ule unaojulikana na wengi.

Walio kimya nao wana mitego

Isidhaniwe kuwa matoleo yaliyokwisha kupangwa hayana lawama. Kwa miaka mingi, biashara zisizotaka kulipia Red Hat zilitumia CentOS, nakala yake isiyo na malipo. Desemba 2020 ikatangazwa kuwa CentOS 8, ambayo watu walitarajia itunzwe hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa mwaka 2021. Walioiamini walipewa takriban mwaka mmoja kutafuta pa kwenda. CentOS 7 nayo ilifikia mwisho wake Juni 30, 2024.

Tukio hilo limekuwa hoja ya watetezi wa Linux ya kujipangia, wakisema afadhali kumtegemea fundi wako kuliko kampuni ya ng'ambo. Lakini kilichofuata kinaonyesha kinyume. Kwa kuwa CentOS ilikuwa ikifanana na Red Hat, mwaka 2021 zilitoka AlmaLinux na Rocky Linux zenye ufanano uleule, na zana za kuhamia zikatolewa. Aliyeachwa njiani alikuwa na barabara nyingine ya kushika, na barabara hiyo ilijengwa kwa sababu waliokuwa wakipita humo walikuwa wengi.

Kodi, zabuni na programu za hesabu

Kabla ya kuchagua toleo, mwenye biashara aangalie kompyuta yake inafanya kazi gani. Katika hili, hali ya Tanzania imebadilika kwa manufaa ya Linux. Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa kivinjari. Usajili wa kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ritani za Mamlaka ya Mapato (TRA) na zabuni za umma kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, havimwulizi mtu anatumia mfumo endeshi gani. Mwenye ghala anayeomba zabuni ya kuuza mahindi anaweza kufanya hivyo kwenye Ubuntu bila tatizo.

Kikwazo kipo kwenye hesabu. Programu ya Tally, ambayo wahasibu wengi wameizoea, hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Vivyo hivyo QuickBooks ya kusimika kwenye kompyuta. Programu nyingi zinazokuja na mizani ya magari na mashine za viwandani nazo ni za Windows. Zipo njia mbadala, kama Odoo na ERPNext, lakini kuhamisha hesabu za miaka mitano ni kazi ya mhasibu kuliko ya fundi wa kompyuta. Odoo yenyewe hutoa vifurushi vyake rasmi kwa Debian, Ubuntu na Fedora. Hifadhidata ya Oracle na programu za SAP zinathibitishwa kwa matoleo ya kibiashara kama Red Hat na SUSE. Mwenye Gentoo akipata hitilafu na kuwapigia simu wenye programu, ataambiwa mfumo wake haumo kwenye orodha.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kinu chenye majina, namba za simu na malipo ya wakulima kimo ndani ya wajibu huo. Utetezi kwamba nywila ya seva anayo fundi aliyehama hauwezi kumsaidia mwenye kinu.

Ipi kwa nani

Linux ya kujipangia inafaa biashara pale yanapotimia masharti mawili kwa pamoja: kuwapo watu zaidi ya mmoja wanaoielewa, na kuwapo kazi ambayo toleo la kawaida haliwezi kuifanya. Kampuni ya intaneti yenye timu ya wahandisi, kiwanda cha vifaa vya kielektroniki au maabara ya chuo inaweza kutimiza masharti hayo. Mashine yenye kazi moja tu, isiyohifadhi kumbukumbu na inayoweza kubadilishwa kwa saa moja, nayo inaweza kuwa uwanja salama wa kujaribia.

Kwa ghala, kinu, duka au shule yenye kompyuta tano hadi 30, jibu ni hapana. Biashara ya namna hiyo ichague toleo lenye utunzaji wa muda mrefu: Debian hutunzwa kwa takriban miaka mitano, Ubuntu ya muda mrefu kwa miaka mitano ya kawaida, AlmaLinux na Rocky Linux kwa takriban miaka 10. Kampuni ya Canonical, mwenye Ubuntu, hutoa pia utunzaji wa ziada wa Ubuntu Pro bila malipo hadi kompyuta tano. Kompyuta inayolazimika kuendesha Tally au programu ya mzani ibaki na Windows inayohuishwa. Hakuna sheria inayodai ofisi nzima itumie mfumo mmoja.

Matamanio ya kujipangia hayapotei kwa uamuzi huo. Fundi hodari anaweza kuyaelekeza kwenye fomu ya mapokezi ya magunia, ripoti ya mauzo, utaratibu wa nakala rudufu kila jioni na risiti yenye nembo ya kampuni. Huko ndiko biashara moja inakotofautiana na nyingine.

Upo mtihani mmoja ambao mwenye biashara anaweza kuutoa bila kujua chochote kuhusu kompyuta. Amtake fundi wake aandike daftari la makabidhiano: mfumo gani umewekwa, nywila zimehifadhiwa wapi, nakala rudufu ziko wapi na zinarudishwaje. Kisha amwite fundi mwingine, asiyehusika na kazi hiyo, ampe daftari hilo pamoja na kompyuta tupu, na amwombe ausimamishe mfumo upya ndani ya siku moja wakati fundi wa kwanza akiwa nyumbani kwake.

Ikiwezekana, toleo lililochaguliwa linafaa, liwe linaitwa jina lolote. Isipowezekana, biashara hiyo haina mfumo wa kompyuta. Ina mtu mmoja, naye siku yoyote anaweza kupigiwa simu kutoka Dar es Salaam.

Walioanza kuzihamisha kompyuta zao kutoka Windows 10 wanao muda wa kuufanya mtihani huo sasa. Ni nafuu kufeli wakati maghala ni matupu kuliko wakati magari yamepanga foleni kwenye mzani.